Shule Yenye Mama Hamsini na Mmoja

Sogeeni hapa karibu, wakubwa kwa wadogo, na mwenye simu aifiche, maana nitakachowauliza mwishoni hakimo humo. Nimeshamuuliza mchungaji, nimemuuliza diwani, nimewauliza walimu wenye shahada zao ukutani. Kila mmoja alikohoa, akaangalia saa, akakumbuka ana kikao. Mimi niliacha shule darasa la sita, na nasema bila haya kwamba iliyopata hasara ni shule. Fumbo lolote mtakaloleta nalimaliza kabla chai haijapoa. Hili limenishinda, ndiyo maana nina hasira, na ndiyo maana nawatwisha na nyie.

Walikuwepo watu watatu, wote wakila mshahara wa shule moja ya msingi huku kwetu milimani, kwenye baridi na viazi.

Wa kwanza ni Mwalimu Ambakisye, wa hisabati. Kipaji chake ni jicho la namba. Mpe karatasi yenye tarakimu mia, ataitazama mara moja, ataweka kidole palipo na kosa, kama mtu anayetoa kijiwe kwenye mchele. Hana marafiki wengi madukani. Mimi nina duka la fotokopi mkabala na geti la shule, na akiingia yeye huwa nahesabu karatasi mara mbili, mimi ambaye simwogopi mtu.

Wa pili ni Mzee Gwakisa, mlinzi wa geti. Kipaji chake ni ukoo. Yeye hakuulizi unakwenda wapi, anakuuliza wewe ni wa nani. Ukimtajia baba yako anakurudisha nyuma mpaka babu wa nne, anakutajia na shamba mlilogombania. Miaka ishirini na sita pale getini hajaandika kitu, na hajasahau kitu.

Wa tatu ni Bi Tusajigwe, mpishi wa uji na maharage ya watoto. Kipaji chake ni mdomo. Wewe unayetabasamu, sisemi umbea. Nasema mdomo wa kumfanya mkaidi ajibu swali. Nilimwona siku moja akimuuliza mwenye lori la kuni maswali matatu kwa upole, na la tatu halijaisha, jamaa anashusha kuni za ziada kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa, wilaya yetu ilikuwa na jambo moja zuri. Kila anayelipwa kwa kazi ya shule, awe mwalimu, mpishi au mlinzi, alikatwa kidogo kwenye mshahara, halmashauri ikaongezea, na kampuni ya bima ikatoa kadi za matibabu: ya kwake, ya mwenzi wake, za watoto, na za baba na mama. Kampuni yenyewe siitaji jina. Wao wana mawakili, mimi nina mashine ya fotokopi.

Mwezi wa nne ikaja barua. Bei ya bima ya watumishi wa shule imepanda kwa nusu nzima. Aliyekuwa anakatwa elfu thelathini sasa atakatwa arobaini na tano. Hata hivyo halmashauri imeona haitoshi, kwa hiyo kuanzia Julai wazazi wote wanatolewa, baba na mama, kadi zao zirudishwe. Mnalipa zaidi mnapata pungufu. Na sababu ikaandikwa, naijua kwa kichwa maana nakala zote nilitoa mimi: "Imebainika kuwa watumishi wa shule wana idadi ya mama isiyo ya kawaida."

Afisa utumishi wa halmashauri akaja kuisoma mbele ya watumishi, akakunja karatasi, akasema, "Tumewahi kuwa na watumishi hewa. Hii ya mama hewa ndiyo tunaanza nayo."

Watu wakakasirika wote, lakini watatu wale hasira ilikuwa na jina la mtu.

Mama yake Mwalimu Ambakisye ana kisukari, na kidonda mguuni kisichotaka kufunga. Sindano asubuhi, sindano jioni, na kila mwezi hospitali. Kadi ndiyo iliyokuwa inamweka hai.

Mama yake Mzee Gwakisa anakaribia tisini. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Yeye humtambua mwanawe kwa kikohozi. Alishapangiwa upasuaji: Agosti.

Mama yake Bi Tusajigwe alianguka kwenye matuta ya viazi mwezi wa tatu, nyonga ikavunjika. Tangu hapo yuko chali, anasubiri kuwekewa chuma. Na yeye alishapangiwa: Septemba.

Agosti na Septemba ziko ng'ambo ya Julai. Hata mimi wa darasa la sita nimeliona hilo.

Basi Mwalimu Ambakisye akaja dukani na viambatisho vya ile barua, ambavyo wenzake wote walikuwa wamevitupa. Akainama juu ya karatasi ya shule yetu.

"Kijana, hii hapa ni kumi na tano, au ni hamsini na moja?"

"Hamsini na moja, mwalimu. Mashine yangu haigeuzi namba."

"Watumishi ishirini na wawili. Mama hamsini na mmoja." Akavua miwani. "Hata tungezaliwa kwa zamu isingefika."

Kesho yake akapita meza kwa meza, jikoni, getini, akihesabu kadi. Akazikuta kadi za mama kumi na tisa tu. Akachukua na fomu za zamani ambazo watumishi walijaza, akaziangalia usiku na mchana, mpaka kidole kikatua.

Fomu ilikuwa na mstari umeandikwa "Jina la mama," na mstari wenyewe ulikuwa mrefu kutoka kona hadi kona. Sasa nyie mnajua kwetu. Dada mkubwa wa mama yako ni mama. Mdogo wake ni mama. Ukiulizwa jina la mama, na nafasi bado ipo, utamwandika mmoja uwaache wengine? Wakija kusikia, msiba wako utapikiwa na nani? Watu wakaandika kwa adabu zote: mama fulani, mama fulani, na mama fulani wa kule bondeni. Karani wa kampuni akawaingiza wote kwenye kompyuta kama walivyo. Kadi zikachapwa kwa jina la kwanza tu. Bei ikapigwa kwa majina yote.

"Tunalipishwa mama hamsini na mmoja," Mwalimu akasema. "Wanaotibiwa ni kumi na tisa. Thelathini na wawili hawajawahi kushika kadi hata siku moja."

Wilaya nzima ilikuwa hivyo hivyo. Aliyeiona hesabu ni yeye. Bila yeye tungekuwa bado tunalaani bila kujua tunalaani nini.

Akaipeleka halmashauri. Afisa utumishi akaiangalia juu juu, akairudisha. "Mwalimu, hizi ni namba. Nani anajua mama mzazi ni yupi hapo? Leta uthibitisho wa kila mtumishi."

"Vyeti vya kuzaliwa?"

"Vyeti vyenu nusu mmevifuata ukubwani, vina jina la yeyote aliyekwenda kupanga foleni. Leta uthibitisho."

Mwalimu akarudi ameinamisha kichwa, akafika getini.

"Umepigwa?" Mzee Gwakisa akamuuliza.

"Wanataka kujua nani alimzaa nani."

Mzee akasogeza kigoda. "Hilo tu? Chukua kalamu."

Siku mbili, kila kengele ya mapumziko, Mzee anasema, Mwalimu anaandika. Huyu wa darasa la kwanza, aliyemzaa ni fulani binti fulani, wa mlima ule. Wale wawili aliowaandika ni dada zake mama, mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Huyu wa sayansi, mama mzazi yuko hai, yule wa pili ni mke mdogo wa baba yake. Huyu, huyu, huyu. Kurasa tatu. Zikapelekwa kwa wenyewe wakague, hakuna aliyebisha hata herufi. Mwalimu mmoja aligundua hapo hapo kwamba ana mjomba anayemdai mbuzi.

Ilipofika zamu ya Bi Tusajigwe, Mzee akageuka kumtazama. Yeye Bi Tusajigwe alikuwa pembeni anamenya viazi vya chakula cha walimu.

"Aliyemzaa huyu alifariki siku ya saba," Mzee akasema polepole. "Aliyemnyonyesha ni dada yake mama, Ngwitika, ambaye alikuwa na mtoto wake wa miezi minane. Ni mama mkubwa. Niseme hivyo, binti yangu, au nipite?"

Kisu hakikusimama. "Sema ilivyo, Mzee. Ukipindisha langu, watasema umepindisha ya wote."

Ikaandikwa ilivyo. Na ile orodha ndiyo uthibitisho wenyewe. Bila Mzee Gwakisa, hesabu ya Mwalimu ilikuwa madai ya watu wenye kiherehere.

Mnadhani yameisha? Orodha na hesabu zikatiwa kwenye bahasha, Mwalimu akazipeleka. Njoo kesho. Akaenda kesho. Afisa yuko kikaoni. Akaenda tena. Mtandao uko chini. Mtandao, jamani. Barua ya kupandisha bei ilipanda mlima huu kwa pikipiki, haikusubiri mtandao. Wiki mbili bahasha imekaa juu ya kabati pale mapokezi, na Julai inakuja.

Alhamisi moja ikasikika kwamba afisa wa kampuni ya bima amekuja kusaini mkataba mpya na halmashauri. Bi Tusajigwe akaondoa sufuria motoni, akamwambia mwenzake ageuze maharage, akaondoka na aproni yake kiunoni. Mapokezi hakusalimia mtu. Alichukua bahasha juu ya kabati, akapita.

Afisa wa bima alikuwa kijana nadhifu, tai imembana, anapuliza chai kwenye korido nje ya ukumbi. Akamwona mama mtu mzima amesimama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniita nani?"

"Mama."

"Kwani nilikuzaa?"

Kijana akacheka. "Hapana, ni heshima tu."

"Mungu akuzidishie. Aliyekuzaa yupo?"

"Yupo, Morogoro."

"Ana dada?"

"Anao wawili. Mmoja mkubwa wake, mmoja mdogo."

"Yule mkubwa ukimpigia simu unaanzaje?"

"Shikamoo, mama."

"Na yule mdogo?"

"Shikamoo, mama."

"Kwa hiyo una mama wangapi?"

Kikombe kikabaki hewani, hakijafika mdomoni. "Watatu," akasema, halafu haraka haraka, "lakini mzazi ni mmoja."

"Fomu yenu iliuliza mzazi?"

Akaitoa fomu kwenye mkoba. Akaisoma. Akaisoma tena. "Imeandikwa jina la mama."

"Na mstari wake?"

"Mrefu."

"Basi watu wangu hawakuiba, mwanangu. Waliulizwa mama wakajibu mama. Nyie mmewalipisha adabu yao." Akampa bahasha. "Humo mna hesabu, na mna orodha ya nani alizaliwa na nani. Kaa usome, chai yako nitakushikia."

Akakaa. Akasoma. Mkataba haukusainiwa siku ile. Bila Bi Tusajigwe, karatasi zile zingefungia maandazi ya mapokezi.

Shule nyingine nazo zikaambiwa zipange mama zao kwa mfano wa shule yetu, na bei ya wilaya nzima ikashuka. Makato yakarudi elfu thelathini. Watu elfu moja na zaidi walipata afueni kwa sababu ya jicho moja, kumbukumbu moja na mdomo mmoja. Hamjapiga makofi? Msipige. Ngojeni.

Wazazi hawakurudishwa.

Kwa nini? Afisa utumishi akajibu kwamba bajeti ilishapitishwa bila wazazi, tusubiri mwaka mwingine wa fedha. Sababu ya kuwatoa imekufa na kuzikwa, wenyewe bado wamefungiwa nje. Nikamuuliza mimi mwenyewe, maana simwogopi: "Sasa bei si imeshuka?" Akaniambia, "Kijana, kushuka kwa bei ni suala moja, bajeti ni suala lingine." Watu wamesomeshwa kwa kodi zetu ili watuambie hivyo.

Ila kampuni ikaleta barua ya shukrani. Kwa kutambua mchango wa shule yenu, inasema, tunatoa nafasi ya mzazi mmoja, kwa mwaka mmoja, bila malipo. Jina lijazwe kwenye fomu mpya, irudi Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Likishaingia kwenye mfumo halibadilishwi. Watumishi wote wa shule wakakubaliana, bila hata kupiga kura, kwamba nafasi ni ya mmoja wa wale watatu. Wamalizane wenyewe.

Na hiyo fomu mpya, mliokaa nyuma sikilizeni vizuri, ina mstari mfupi, umeandikwa: "Jina la mama mzazi (aliyekuzaa, si mama mkubwa wala mama mdogo)." Yule kijana alijifunza. Alifundishwa na Bi Tusajigwe kwenye korido.

Ijumaa saa tano wako ofisini kwa Mwalimu Mkuu, Madamu Sekela. Mimi nipo kwa sababu ndiye niliyeleta nakala ya akiba, na hakuna aliyenifukuza.

Mwalimu Ambakisye akaanza. "Nisingeiona namba ile, leo tusingekuwa na cha kugombania. Mama yangu hawezi kuruka siku. Dawa ya Julai nimenunua kwa kuuza baiskeli. Ya Agosti sina cha kuuza."

"Namba yako, mwalimu, ilirudishwa mlangoni," Mzee Gwakisa akasema. "Mimi ndiye niliyeipa miguu. Na wangu anahitaji siku moja tu. Anaingia asubuhi haoni, anatoka anaona, basi. Hatawasumbua tena."

"Kwa hiyo mgonjwa wa siku moja ana haki kuliko wa kila siku?"

"Sijasema hivyo. Nasema wako atalipiwa mwaka, na mwaka ukiisha bado ni mgonjwa."

"Mzee, hayo ni maneno ya kumwambia mtu kuhusu mama yake?"

"Hapana," Mzee akasema. "Nisamehe."

"Mmemaliza?" Bi Tusajigwe akauliza. "Hesabu ya mmoja na ukoo wa mwingine vilikaa wiki mbili juu ya kabati, na nyie mmekaa chini mkisubiri mtandao. Mama yangu namgeuza alfajiri kabla sijaja kuwasha moto. Namgeuza tena nikirudi jioni. Hapo katikati anageuzwa na nani? Mgongo umeanza kutoboka. Mimi napikia watoto mia sita wa watu, yeye hana wa kumpa maji."

Madamu Sekela akakohoa. Akageuza fomu, akaisogeza mbele ya Bi Tusajigwe. Akaisoma. Bi Tusajigwe alikaa nayo muda mrefu kwa fomu ya mistari sita.

"Dada Tusa," Madamu akasema, "wanayo na orodha. Wakilinganisha jina wataliona."

Mzee Gwakisa akavua kofia yake, akaishika magotini. "Nilisema mimi hilo. Naweza kwenda kuwaambia nilikosea. Uzee huu nani atashangaa?"

Mwalimu Ambakisye akajibu akiangalia sakafu, na nadhani alijua jinsi maneno yake yatakavyosikika, maana na yeye yumo kwenye kinyang'anyiro. "Ukikosea mmoja, Mzee, umekosea wote. Orodha ikishatiwa doa, watasema mama hewa wamerudi. Makato yatapanda tena kwa kila mtu. Sisemi kwa ajili yangu."

"Unasema kwa ajili ya nani?" Bi Tusajigwe akamuuliza.

Hakungoja ajibu, akamgeukia mlinzi.

"Usikosee, Mzee," akaendelea yeye. "Nilikwambia uandike ilivyo, na sijajuta. Lakini asije mtu akaniambia huyu mama hana nafasi kwa sababu ya neno ambalo mimi mwenyewe nililipeleka kule. Alinyonyesha wawili, mmoja wake, mmoja wa marehemu. Wake alikufa na surua, mimi nikabaki. Hana mwingine. Kama huyo si mzazi, nielezeni kuzaa ni kazi gani."

Nje watoto wanaimba jedwali la saba.

Sasa najua mnachotaka kusema, nawaona midomo inavyowacheza. Wewe hapo unataka kusema wagawane, miezi minne kila mmoja. Nilisema hivyo hivyo, nikajiona nina akili kuliko ofisi nzima. Madamu akanionyesha: jina likiingia halibadilishwi. Mfumo haukubali. Kila kitu siku hizi kina mfumo, na kila mfumo unajua kukataa tu.

Wewe mwingine unataka kusema wapige kura ya vijiti. Madamu aliwashauri. Mzee Gwakisa akasema yeye mama yake hamchezei bahati nasibu, na wale wawili, waliokuwa hawapatani kwa lolote asubuhi nzima, wakasema wanaungana naye.

Na wewe mwenye huruma unataka kusema apewe aliye mgonjwa zaidi. Haya, pima. Mmoja anaoza mguu, mmoja ni kipofu, mmoja anatoboka mgongo. Ukipata mizani ya hiyo niazime, nitaitolea fotokopi.

Mkisema sheria ifuatwe, Bi Tusajigwe anatoka, na mnamtoa kwa ulimi wake mwenyewe na kwa ukweli wake mwenyewe, kwa sababu hakutaka kudanganya kwa faida ya wenzake. Mkisema sheria ivunjwe kidogo, mnahatarisha kadi za watu elfu moja ambao hata hawajui jina lake. Na mkimwondoa yeye bado hamjamaliza, kwa kuwa mwalimu na mlinzi wamebaki wanaangaliana, na hakuna aliyefanya kidogo kuliko mwenzake. Ondoa jicho, hakuna kesi. Ondoa kumbukumbu, hakuna ushahidi. Ondoa mdomo, hakuna aliyesikia.

Kinachoniudhi zaidi niwaambie. Watu hawa watatu, kabla ya zawadi hii, walikuwa wanasaidiana. Mwalimu alikuwa akimbebea Mzee kigoda. Bi Tusajigwe alikuwa akimwekea mwalimu uji usio na sukari wa kumpelekea mama yake. Wamekaa sasa kila mmoja na ukuta wake. Kampuni imewapa mfupa mmoja ikaita shukrani, na halmashauri imekaa pembeni inatazama nani ataunyakua, kana kwamba waliowatoa kina mama wale ni hawa watatu.

Saa sita kasoro dakika kumi. Pikipiki ya kupeleka fomu iko nje, injini inanguruma. Madamu Sekela ameandika jina la shule, ameandika tarehe, amefika kwenye jina la mama. Ananyanyua uso, anamtazama mmoja mmoja, halafu anaweka kalamu katikati ya meza.

"Mimi siwezi," anasema.

Hakuna anayeigusa.

Basi iokoteni nyie, mliokaa hapa mmeshiba na mama zenu wazima. Unaandika mama wa nani? Na ukishaandika, wale wawili waliobaki utawaambia nini, huku wanakuangalia?